Nani Alibadilisha Ratiba

Kwa miaka kumi na tisa ratiba ya zamu ya wodi ya wanaume ilichorwa na mkono mmoja. Kila baada ya wiki mbili sista mkuu wa wodi alifunga mlango wa kiofisi chake, akatandaza karatasi ya manila mezani, akapiga mistari kwa rula ya chuma, kisha akajaza herufi: A kwa asubuhi, M kwa mchana, U kwa usiku, P kwa pumziko. Akikosea hata herufi moja, alichukua karatasi nyingine akaanza upya. Ndiyo maana wauguzi walimwita Mama Rula, mwanzoni kisirisiri, baadaye hadharani, na mwenyewe akalizoea mpaka akawa anaitika.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Muuguzi akichelewa, Mama Rula aliitazama saa ya ukutani, akamtazama muuguzi, kisha akaendelea na kazi yake, na yule muuguzi alitamani ardhi ipasuke.

Siku waraka ulipokuja kwamba ratiba zote zitahamia mtandaoni, aliusoma mara mbili akaukunja akautia mfukoni. Waraka ulisema wakuu wa wodi wataandika kwenye jedwali moja la pamoja, utawala utaona, na kila muuguzi ataisoma zamu yake kwenye simu akiwa popote. Wauguzi nao walipewa ruhusa ya kuandika humo, ili wakibadilishana zamu waonyeshe mabadiliko wenyewe.

Mafunzo yalifanyika maktaba ya hospitali, michana mitatu mfululizo. Mwalimu wa kompyuta alikuwa mwanamke wa umri wa kitindamimba wa Mama Rula, msemaji mwepesi, mwenye vidole vyepesi zaidi. Mama Rula ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote chumbani. Alikishika kipanya kama mtu aliyepewa kitu cha wenyewe, akiogopa kukivunja. Katikati ya zoezi akaona alama ya rangi ya waridi yenye jina la mtu ikitembea ndani ya mstari wake.

"Nani huyu kaingia kwangu?" aliuliza kwa sauti.

"Ni mimi, sista, samahani," mkuu wa wodi ya wazazi akajibu kutoka meza ya nyuma. "Nimepotea njia, naulizia kwangu ni wapi."

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Kwenye manila alikosea akiwa peke yake, mlango umefungwa. Humu mtu angeweza kukuona unavyoandika, unavyofuta, unavyohangaika.

"Mkitaka kujaribu jaribu," mwalimu akawaambia siku ya mwisho, "tengenezeni nakala mchezee hiyo. Ratiba yenyewe msiiguse." Mama Rula aliandika maneno hayo kwenye daftari lake na kuyapigia mstari. Namna ya kutengeneza hiyo nakala aliiuliza mara mbili. Mara ya tatu aliona haya.

Ratiba yake ya kwanza aliichora kwanza kwenye manila nyumbani, halafu akaihamishia kwenye laptopu ya wodi, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Mumewe, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa, alimletea chai akasimama nyuma yake.

"Mama watoto, hapo unaandika au unadonoa?"

"Nadonoa. Na wewe usogee, unanizibia taa."

Alimaliza Jumatano. Alhamisi, wakati wa chakula cha mchana, wodi ikiwa imetulia, alifungua jedwali ili alitazame tu. Akakumbuka kitu ambacho mwalimu alikionyesha haraka haraka: unashika kona ya kisanduku chenye herufi, unavuta chini, herufi inajiandika yenyewe kwenye visanduku vinavyofuata. Akatafuta P yoyote, akashika kona, akavuta chini visanduku viwili. P zikatokea.

"Loo!" alisema peke yake. Akacheka kama msichana. Miaka kumi na tisa ya kuandika P moja moja!

Kisha akafunga ukurasa. Kwenye kompyuta ya zamani ya stoo ya dawa, alikozoea kujaza fomu za mwisho wa mwezi, ukifunga faili iliuliza kama unataka kusevu, na ukikataa ilisahau yote uliyoyafanya. Safari hii haikuuliza kitu. Mama Rula akaona vizuri, basi haikusevu. Akafungua kibakuli chake akala kwa hamu.

Ijumaa wauguzi wakafunguliwa ratiba kwenye simu zao. Jumamosi ikapita salama.

Jumapili saa tisa alasiri simu yake ililia akiwa nyumbani anakunja nguo. Alikuwa ni muuguzi wa zamu, mwanamume mpole ambaye wodi nzima ilimwita Kaka.

"Sista, niko peke yangu tangu saa nane. Wagonjwa thelathini na mmoja. Uliniambia niko na Chiriku, hajatokea na simu yake haipatikani."

Chiriku ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wauguzi wote wa wodi. Alipewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Aliwasemesha wagonjwa, aliisemesha mipira ya dripu, alijisemesha hata mwenyewe akiosha mikono. Alikuwa hodari. Ila alikuwa na tabia ya kuomba kubadilishana zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na Mama Rula alikuwa amemwonya mara mbili.

Mama Rula alipiga ile namba mara nne. Kisha akaacha nguo kitandani, akavaa sare akatoka.

Alifika saa kumi na dakika tano. Alipoingia tu akajua kuna jambo, kwa jinsi wagonjwa walivyokuwa wamekaa vitandani wakitazama upande mmoja. Mzee wa kitanda cha saba, seremala mstaafu aliyelazwa kwa homa ya mapafu, alikuwa chini, kichwa kikiwa kimewekewa mto, mguu mmoja umegeuka upande usiostahili. Kaka alikuwa amepiga magoti kando yake, jasho likimtiririka.

"Nilikuwa kule mwisho nabadilisha dripu," alisema. "Nimesikia kishindo tu."

Mama Rula akapiga magoti pia. "Mzee wangu, kwa nini hukuita?"

"Niliita mara moja, mwanangu." Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nikamwona huyu kijana anavyokimbia kimbia. Nikasema nisimsumbue, choo chenyewe kiko hapo tu."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Jioni ile alihamishiwa hospitali kubwa kwa upasuaji. Binti yake, mshonaji, alifika na sindano bado zimechomekwa kifuani mwa blauzi, akauliza swali moja tu: "Alikuwa na nani?"

Jumatatu asubuhi, wakati wa makabidhiano ya zamu, wauguzi wote wakiwa wamesimama kuzunguka meza, Chiriku aliingia akiwa anasalimia watu. Mama Rula hakuitazama saa.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi, sista, tulikuwa tunamhamisha nyumba. Chaji ikaniishia."

"Ulikuwa na zamu."

"Hapana, sista. Nilikuwa na pumziko." Akatoa simu, akafungua ratiba. Kwenye mstari wake, chini ya Jumapili, palikuwa na P.

Mama Rula aliingia ofisini akarudi na karatasi ya manila, akaitandaza mbele ya wote. Chini ya Jumapili, kwenye jina la Chiriku, palikuwa na M, imeandikwa kwa wino wa bluu, safi kabisa.

"Mimi niliandika hivi. Nani alibadilisha?"

"Sijui, sista. Kweli tena, mimi sikugusa kitu."

"Wewe ambaye kila wiki unahamisha zamu? Ulitaka Jumapili yako, ukajipa. Na mzee wa watu amevunjika." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Umeichezea ratiba."

Chiriku alifungua mdomo ukabaki wazi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikosa la kusema. Alilia akiwa amesimama, mikono imening'inia, na hakuna aliyemsogelea.

Siku hiyo hiyo alitolewa wodini akapelekwa masijala kupanga mafaili, akapewa barua ya kujieleza. Kamati ya nidhamu ilipangwa kukaa baada ya wiki mbili. Katika vyumba vya chai watu walishasema unga wake umemwagika.

Mama Rula hakuwa na shaka. Kilichomsumbua ni kamati yenyewe. Alijiona amekaa pale, anaulizwa jinsi jedwali linavyofanya kazi, naye ametumbua macho. Kwa hiyo Jumanne alimfuata mwalimu wa kompyuta.

"Mwalimu, nifundishe upya. Kama mtu asiyejua kitu. Na nikikuuliza mara tano usichoke."

"Nitachoka, mama," mwalimu akasema kwa kicheko, "lakini nitajibu."

Wakawa wanakutana maktaba saa moja kabla ya zamu ya asubuhi. Siku ya kwanza Mama Rula alijifunza kutengeneza nakala, akatengeneza sita, akazipa majina. Siku ya pili alijifunza kuacha maoni pembeni ya kisanduku bila kugusa kilichoandikwa. Alimwandikia mkuu wa wodi ya wazazi: "Nimekuja kwako leo, sikupotea." Baada ya dakika moja jibu likatokea: "Karibu sista, vua viatu." Alicheka mpaka mwalimu akageuka. Siku ya tatu alijifunza kufunga visanduku ili asiyehusika asiviguse. Akaanza kutumia vidole viwili, kisha vinne. Alikuwa akiamka na hamu ya kwenda, na hamu hiyo ilimshangaza, maana ilikuwa imekaa bega kwa bega na hasira.

Asubuhi ya tisa, ikiwa imebaki siku moja kabla ya kamati, mwalimu alifungua jedwali la mazoezi akamwonyesha pa kubofya.

"Hii ni kumbukumbu ya mabadiliko. Jedwali linajisevu lenyewe kila unapogusa kitu, halingoji uliambie. Na kila mkono ulioandika unabaki humu, jina, siku na saa. Kwa rangi yake."

Mama Rula akaondoa mkono kwenye kipanya. "Linajisevu lenyewe?"

"Lenyewe. Hata ukifunga ghafla."

"Sawa," akasema. "Ile ya wodini nitaifungua mwenyewe."

Aliingojea saa ya mapumziko ya mchana, akafunga mlango wa kiofisi. Alibofya kama alivyoonyeshwa. Orodha ya tarehe ikafunguka upande wa kulia. Ijumaa, hakuna aliyeandika. Jumamosi, hakuna. Jumapili, hakuna. Alhamisi, saa saba na dakika kumi na saba mchana, jina moja, rangi ya kijani. Lilikuwa lake.

Akabofya. Ratiba ikarudi kama ilivyokuwa saa ile, na visanduku viwili vikawa vimepakwa kijani. Cha chini kilikuwa na P tangu mwanzo. Cha juu kilikuwa kwenye mstari wa Chiriku, Jumapili. Kabla: M. Baada: P.

Alikiangalia kibakuli cha chakula pembeni ya laptopu. Akakumbuka alivyocheka siku ile.

Muuguzi mmoja aligonga akauliza funguo ya kabati. Akampa bila kumtazama. Kisha alinyanyuka akaenda mpaka maktaba, akamkuta mwalimu anakunja nyaya.

"Mwalimu. Hiyo kumbukumbu inaweza kufutika?"

"Haifutiki, mama. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Mwalimu alimtazama mara moja, akarudi kwenye nyaya zake. Mama Rula alitembea kurudi wodini akiwa na aibu mbili, na hakujua ipi ilikuwa kubwa: ile ya Alhamisi, au ya swali alilotoka kuuliza.

Jioni, mezani, alimweleza mumewe kila kitu. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma sahani.

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Kamati watafungua wenyewe?"

"Hawajui hata pa kubofya. Wananisubiri mimi."

"Umebakiza miaka miwili ustaafu kwa heshima zako," mumewe akasema taratibu. "Yule bado mtoto. Atapewa onyo, atanyanyuka, baada ya mwaka mmoja kila mtu amesahau. Wewe hawatakusahau. Nyamaza, mke wangu."

"Nilimliza mbele ya watu, baba watoto."

"Na mzee wa watu umemwinua wewe kwa mikono yako, hilo nalo lihesabike."

Walikuwa wameoana miaka thelathini na mitatu na hawakuwa watu wa kugombana, lakini jioni ile aliinuka akaosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, na mumewe akabaki ameshika tama.

Kamati ilikaa chumba cha mikutano cha utawala, watu watano, katibu wa hospitali akiwa mwenyekiti. Chiriku alikaa kwenye kiti cha peke yake karibu na dirisha, amesuka nywele upya, mikono juu ya mapaja. Alikuwa amekonda. Alisomewa tuhuma, akasema tena kwamba hakugusa kitu. Alisema kwa maneno machache sana.

"Sista, tuonyeshe," katibu akasema.

Mama Rula aliunganisha laptopu na mashine ya kuonyesha ukutani, bila kumwita mtu amsaidie. Akafungua jedwali. Akafungua kumbukumbu ya mabadiliko. Akaeleza kila hatua kama anavyowaeleza wanafunzi wa uuguzi namna ya kufunga bandeji: hapa ni tarehe, hapa ni saa, rangi ni ya mtu. Vidole vyake havikukosea hata mara moja. Alipofika Alhamisi alisimama.

"Jina hili ni langu," alisema. "Nilikuwa najaribu kuvuta herufi. Nikafunga, nikidhani haikusevu. Huyu binti hakugusa kitu. Mimi ndiye niliyebadilisha ratiba."

Kiti kikalia. Katibu alivua miwani, akaivaa tena.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "tunaweza kusema mfumo mpya ulileta hitilafu. Sivyo, sista? Hata mafunzo yalikuwa ya siku tatu tu."

Mlango wa kuponea ulikuwa umefunguliwa mbele yake, na kila mtu chumbani aliuona.

"Mfumo haukuwa na hitilafu, mheshimiwa. Ulifanya nilichoufanyisha. Na mwalimu alituonya. Nimeandika onyo lake kwenye daftari, nimelipigia mstari."

Alitazama upande wa dirisha. Chiriku hakuwa analia. Alikuwa anamtazama moja kwa moja, na usoni mwake hapakuwa na shukrani wala furaha.

Mama Rula alimfuata kwenye korido baada ya kikao. "Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe."

"Nimesikia, sista." Chiriku alishika begi lake kwa mikono miwili. "Lakini mimi uliniambia mbele ya wodi nzima. Hapa tuko wawili. Mle ndani walikuwa watano."

"Kweli kabisa."

"Na hukuniuliza. Ungeniuliza hata siku moja, tukakaa, tukatafuta pamoja. Wiki mbili nimepanga mafaili, mama yangu nyumbani ananiuliza kama nimeiba dawa."

Mama Rula akasogea ukutani kumpisha apite.

Kesho yake, wakati wa makabidhiano, alisema tena yote, akiwa amesimama palepale alipomliza mwenzake. Kaka aliinamisha kichwa. Mmoja alikohoa. Chiriku alisikiliza, akasema, "Asante, sista," kwa sauti ya kawaida, kisha akaenda kumwosha mgonjwa. Wiki hiyo aliomba kuhamia wodi ya watoto, na akakubaliwa.

Mama Rula alipewa barua ya onyo, ikawekwa kwenye faili lake. Ukuu wa wodi hawakumnyang'anya; katibu alisema hakuna mwingine anayelijua lile jedwali kama yeye, na sifa hiyo ilimchoma kuliko barua.

Alikwenda hospitali kubwa kumwona mzee. Alikuwa amelala, mguu umening'inizwa. Binti yake alikuwa kitako kando ya kitanda, akishona pindo la shuka kwa mkono. Mama Rula alimweleza, kwa ufupi, bila kujitetea.

Mshonaji alikata uzi kwa meno. "Wametuambia labda atatembea na magongo. Labda." Akachoma sindano kwenye pindo. "Sasa hayo uliyoniambia, nifanye nayo nini?"

"Sijui, dada. Nimeona ni haki yako kuyajua."

"Haya. Nimeyajua." Akavuta uzi mwingine. Baada ya muda, bila kuinua macho, akamsogezea Mama Rula kiti kwa mguu wake, naye akakaa. Alibaki hapo mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.

Ratiba iliyofuata Mama Rula aliiandaa moja kwa moja mtandaoni, bila manila. Alitengeneza nakala kwanza. Akafunga visanduku visivyostahili kuguswa, akaacha maoni mahali pa kuulizana, akajaza zamu za watu kumi na watatu kwa muda usiofika nusu saa. Ukabaki mstari mmoja, wenye jina la Chiriku na visanduku kumi na vinne vitupu. Akabofya pembeni ya jina, akachagua kuondoa mstari. Majina ya chini yakapanda juu, nafasi ikajifunga. Akafungua mlango, akatoka kwenda kupima joto la mgonjwa wa kitanda cha saba, mwalimu wa shule aliyelazwa jana yake.